Roketi, mkate na volkano yetu: je, pesa za anga zinapotea bure?

Mwaka 1970 mtawa mmoja aliyefanya kazi Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Katanga, alimwandikia barua mtu mkubwa wa shirika la anga la Marekani, NASA. Mtawa huyo aliitwa Sista Mary Jucunda. Swali lake lilikuwa moja: namna gani watu wenye akili wanaweza kufikiria kutumia mabilioni ya dola kwa safari ya kwenda sayari ya Mars, wakati hapa duniani watoto wanakufa kwa njaa? Aliyeandikiwa, Dakta Ernst Stuhlinger, hakuitupa barua hiyo. Alijibu kwa upole na kwa urefu, na jibu lake lingali linasomwa mpaka leo.

Swali la Sista Mary Jucunda bado liko kati yetu. Kila mara video ya roketi inapopita katika simu zetu, yupo mmoja katika kikundi cha vijana atakayeuliza: pesa zote hizi zinachomwa hewani, na sisi hapa tunalala wapi? Wengine humjibu haraka kwamba sayansi ina faida. Wengine humjibu haraka kwamba yote ni ubatili. Wasomaji wapendwa, katika makala hii tunaomba twende polepole kidogo. Mwaka 2025 ulitupa mambo mapya ya kupima swali hilo, na sisi watu wa Kivu tunao pia ushahidi wetu wenyewe, ule ulioshuka kutoka mlimani ukiwa moto.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutakuwa tunabishana juu ya hisia tu.

Mwaka 2024 NASA ilipewa karibu dola bilioni 25. Bajeti nzima ya serikali ya Kongo kwa mwaka huo huo, yaani mishahara ya walimu, jeshi, barabara, hospitali, madeni na mengine yote, ilikadiriwa karibu dola bilioni 16. Ofisi ya mkaguzi mkuu wa NASA yenyewe ilihesabu kwamba roketi mpya ya kwenda mwezini, pamoja na chombo cha kubebea wanaanga, ingegharimu dola bilioni 4.1 kwa kila safari moja kati ya zile nne za kwanza. Weka hesabu hiyo karibu na hii nyingine: kwa mwaka 2025 Umoja wa Mataifa na mashirika yanayofanya kazi nayo waliomba dola bilioni 2.54 kwa kusaidia watu milioni 11 katika Kongo yote. Safari moja ya mwezini inapita ombi la mwaka mzima la chakula, dawa, maji na maturubai kwa watu wetu waliokimbia vita. Mtu akisoma hesabu hiyo na asisikie chochote moyoni, sijui tutamwambia nini tena.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili, na haifai kuuficha. Katika matumizi yote ya serikali ya Marekani, fungu la NASA halifiki hata nusu ya dola katika kila dola mia. Mwaka 1966, wakati wa mashindano na Umoja wa Kisovieti, lilipita dola nne katika kila mia. Kwa dunia nzima, serikali zote kwa pamoja zilitumia karibu dola bilioni 135 kwa mambo ya anga mwaka 2024, na sehemu kubwa ya hizo ni za kijeshi. Mwaka huo huo dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi na silaha. Anayetafuta mkate wa maskini katika mifuko ya mataifa makubwa atakuta kwamba kuna mfuko mnene zaidi kuliko huu wa anga, na sisi wa mashariki ya Kongo tunajua vizuri vitu vinavyonunuliwa kutoka humo.

Kuna mchungaji mmoja aliyeonana na jambo hili uso kwa uso. Ralph Abernathy alikuwa Mbaptisti, rafiki wa Martin Luther King, na ndiye aliyeshika uongozi wa kazi yake baada ya King kuuawa mwaka 1968. Mwezi wa Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11 kuruka kwenda mwezini, Abernathy alifika Florida, mahali roketi ilipokuwa imesimama, akiwa na familia za maskini na mikokoteni ya kuvutwa na nyumbu. Mkuu wa NASA, Thomas Paine, alitoka kuja kumwona. Abernathy hakusema kwamba roketi isiruke. Alisema anajivunia kazi ile, ila nchi yenye uwezo wa namna hiyo ina wananchi wasio na chakula, mavazi wala nyumba ya kufaa, na akaomba ujuzi ule uelekezwe pia kwa njaa yao. Paine alimjibu kwamba kama kuacha kubonyeza kitufe kesho kungeondoa umaskini wa Marekani, wasingebonyeza. Familia kadhaa zilipewa nafasi ya kutazama roketi ikiruka, na Abernathy akawaombea wanaanga.

Wengi wanaisoma habari hiyo kama ushindi wa Paine. Mimi naisoma tofauti kidogo. Jibu lake lilikuwa la kweli, lakini lilikuwa jepesi mno, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwomba asibonyeze. Hata hivyo yaliyofuata yanafundisha. Mwaka 1970, ili kubana matumizi, safari tatu za mwisho za Apollo zilifutwa. Hatukusikia popote kwamba pesa zile zilipakiwa zikapelekwa kwa zile familia za mikokoteni. Zilirudi katika hazina ya serikali, na serikali wakati ule ilikuwa inapigana Vietnam.

Sasa tazama mwaka 2025. Mwezi wa Januari serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai shirika la USAID likafungwa rasmi. Kwetu hilo halikuwa habari ya redio tu. Mwaka 2024 Marekani ilikuwa imelipa karibu asilimia 70 ya msaada wote wa kibinadamu uliofika Kongo. Na mwezi wa Mei 2025 serikali ile ile ilipendekeza NASA ipunguziwe karibu robo ya bajeti yake, kutoka karibu bilioni 25 mpaka chini ya bilioni 19 kwa mwaka 2026. Upande wa sayansi, pamoja na satelaiti zinazochunguza dunia, ndio uliopangiwa kukatwa karibu nusu. Pesa za kupeleka watu mwezini na Mars hazikuguswa hivyo, zilipangiwa kuongezeka. Bunge la Marekani halikukubali mapendekezo hayo yote, lakini nia ya waliopendekeza ilionekana.

Kuna jambo moja dogo la wakati huo ambalo halikusemwa sana hapa kwetu. Ulikuwepo mtandao wa kutabiri njaa unaoitwa FEWS NET, ambao Marekani iliuanzisha mwaka 1985 baada ya njaa kubwa ya Ethiopia. Unasoma picha za satelaiti, mvua na hali ya mashamba, unalinganisha na bei za sokoni, kisha unasema mapema: sehemu fulani chakula kitapungua miezi ijayo. Mwisho wa Januari 2025 tovuti yake ilizimwa pamoja na misaada mingine, ikakaa kimya kwa miezi. Hapo anga na mkate vilikuwa vimekaa katika sahani moja, na kalamu iliyokata kimoja ilikata na kingine.

Injili inatueleza mtu aliyelalamika kwamba manukato ya thamani yangeuzwa na pesa wakapewa maskini, na mwandishi anaongeza kwamba huyo hakusema hivyo kwa kuwajali maskini. Simfananishi mtu yeyote wa leo na yule. Nasema tu kwamba mtu akituambia kwamba pesa za roketi zingewafikia wenye njaa, tuna haki ya kumwomba atuonyeshe njia ambayo zingepita. Mwaka 2025 njia hiyo haikuonekana, maana zote mbili zilikatwa kwa pamoja.

Basi je, tuseme kila dola ya anga ni halali? Hapana. Neno hili "anga" linafunika vitu viwili visivyofanana, na mabishano mengi yanatoka hapo. Kuna kupeleka watu mbali, mwezini na labda siku moja Mars. Hiyo ndiyo kazi ya gharama kubwa, na faida yake ya kwanza ni heshima ya taifa. Ya pili ni maarifa, ambayo mara nyingi mashine bila mtu ingeyaleta kwa bei ndogo zaidi. India ilituma chombo kisicho na mtu, Chandrayaan-3, kikatua karibu na ncha ya kusini ya mwezi tarehe 23 Agosti 2023, kwa gharama ya karibu dola milioni 75. Kisha kuna kazi nyingine, ya kuzungusha mashine juu ya dunia ili zitazame chini: mawingu, misitu, mito, mashamba, milima. Hiyo haina wanaanga wa kupungia mkono kamera, na ndiyo inayokatwa kwanza.

Stuhlinger alimwandikia Sista Mary Jucunda kwamba satelaiti za namna hiyo zingekuja kusaidia kilimo na chakula kuliko watu walivyodhani. Miaka miwili tu baadaye, Julai 1972, Marekani ilirusha ile ya kwanza ya mfululizo wa Landsat. Tangu mwaka 2008 picha zake ni za bure kwa mtu yeyote mwenye intaneti, na Ulaya ilifanya vivyo hivyo na satelaiti zake za Sentinel kuanzia mwaka 2014. Kule Kinshasa, shirika la OSFAC linatumia picha kama hizo kufuatilia misitu yetu, ambayo hakuna mlinzi angeweza kuizunguka kwa miguu. Kwa hiyo katika hoja hiyo mzee alisema kweli. (Tusimfanye mtakatifu lakini. Alikuwa mmoja wa Wajerumani waliotengeneza makombora ya V-2 wakati wa Hitler, na makombora yale yaliundwa kwa mikono ya wafungwa waliokufa kwa maelfu. Sayansi ya roketi ilizaliwa katika nyumba ya namna hiyo, na wanaoisifu wasisahau.)

Sasa tuje nyumbani.

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, anga juu ya Goma liligeuka jekundu. Wenye umri walikumbuka Januari 2002, wakati lava ilipopita katikati ya mji, ikachoma maduka, nyumba na kanisa kuu la Wakatoliki, ikaingia ziwani na kuacha zaidi ya watu laki moja bila makao. Mara hii lava ilimeza maelfu ya nyumba upande wa Nyiragongo na Buhene, kisha ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu karibu 30 walikufa, wengine katika ajali za barabarani wakati wa kukimbia.

Asubuhi yake kila mtu aliuliza: wale wa OVG, taasisi ya kuchunguza volkano, walikuwa wapi? Ikajulikana kwamba msaada waliokuwa wakipata kutoka Benki ya Dunia ulikwisha mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa watafiti walikosa hata pesa ya intaneti ya kupokea habari kutoka mashine zilizo mlimani. Yaani walikosa mega. Kitu ambacho kijana wa Birere anakinunua kwa franka chache ili atazame mpira, ndicho kilichokosekana kwa watu waliopewa kazi ya kulinda mji wenye mamia ya maelfu ya watu.

Tuseme ukweli wote, hata ule usiosaidia hoja yetu. Mwaka 2022 kundi la wanasayansi, Wakongomani wakiwa ndani yake, walichapisha utafiti katika jarida la Nature. Walionyesha kwamba mlipuko ule haukutanguliwa na dalili zinazojulikana; ishara za wazi zilianza muda usiofika saa moja kabla ya lava kutoka. Kwa hiyo hata kama intaneti ingekuwepo, na hata kama satelaiti zote zingekodolea macho mlima ule usiku na mchana, huenda tusingeambiwa mapema. Kuna vitu ambavyo bado mwanadamu havioni.

Lakini siku zilizofuata ni habari nyingine. Ardhi ilitetemeka mara kwa mara, kuta zikapasuka, barabara zikafunguka nyufa ambazo watoto walikuwa wanazichungulia. Lava ilikuwa imesimama, na watu wakaanza kusema yamekwisha. Hapo ndipo satelaiti za rada zilipotoa ushahidi wao. Mashine hizo hazipigi picha kama simu. Zinatuma mawimbi mpaka chini, mawimbi yanagonga ardhi na kurudi, hata kukiwa na mawingu, hata usiku. Satelaiti ikipita tena juu ya mahali pale pale baada ya siku chache, wataalamu wanalinganisha vipimo viwili na kuona kama ardhi imesogea, hata kwa sentimeta chache. Vipimo vya Goma vilionyesha kwamba ardhi ilikuwa imetanuka kwa mstari mrefu, zaidi ya kilometa 20, kutoka mlimani, kupita chini ya mji, mpaka chini ya Ziwa Kivu. Uji wa moto ulikuwa umeingia chini ya miguu ya watu, na hapakuwa mbali kutoka juu. Ungeweza kutokea katikati ya mitaa, au ndani ya ziwa, ambalo maji yake ya kina yamebeba gesi nyingi.

Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, aliamuru watu wa kartie 10 kati ya 18 waondoke. Karibu watu 400,000 walitoka. Sote tunakumbuka barabara ya Sake siku ile: magodoro juu ya chukudu, mama na vidumu, wazee juu ya pikipiki, watoto wameshikana mikono wasipotee. Wengine walivuka kwenda Rwanda, wengine walipanda mashua kwenda Bukavu na Minova. Makanisa yalifungua milango, mabenchi yakasukumwa pembeni, na mahali pa ibada pakawa mahali pa kulala.

Mlipuko wa pili haukuja. Mwezi wa Juni watu wakaruhusiwa kurudi, na mpaka leo utasikia mtu akisema kwamba tulikimbizwa bure. Mimi sikubali. Aliyetoka nyumbani kwa sababu moto uko chini ya sakafu hakukimbia bure eti kwa sababu moto haukutokea. Nikiulizwa kama pesa zilizorusha satelaiti zile zilikuwa na faida, siwezi kusema hapana nikiwa nimesimama juu ya mawe meusi ya Goma. Na tuwakumbuke waliolipa: ni wafanyakazi na wakulima wa Ulaya, waliokatwa kodi bila kujua kwamba kuna mtaa unaoitwa Majengo au Bujovu.

Hata hivyo, tazama kilichokosekana. Habari ilishuka kutoka angani, ikafika kwa wataalamu, ikafika kwa gavana. Baada ya hapo ilikutana na mji usio na magari ya kuhamisha wagonjwa, na Sake isiyo na maji ya kutosha, kiasi kwamba hofu ya kipindupindu ilianza mara moja. Mashine ya mamilioni ilifanya kazi yake. Waliokosa walikuwa ndoo, mabomba na malori.

Miaka miwili baadaye, tarehe 4 Mei 2023, mvua ilishusha mlima juu ya Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe. Ilikuwa siku ya soko. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Kundi la wanasayansi wa kimataifa wanaochunguza kama mabadiliko ya tabianchi yanaongeza maafa walijaribu kuisoma mvua ile. Walishindwa kutoa jibu. Vipimo vya satelaiti mbalimbali havikukubaliana, na chini, kuzunguka ziwa letu, hapakuwa na vituo vya kutosha vya kupima mvua ili kujua kipi kinasema kweli. Kipimo cha mvua ni chombo rahisi: kopo lenye alama, na mtu anayelitazama kila asubuhi na kuandika katika daftari. Bila kopo hilo na mtu huyo, mashine iliyo juu inakisia.

India inatusaidia kuona jambo hili vizuri zaidi. Mwezi wa Oktoba 1999 kimbunga kikubwa kilipiga jimbo la Odisha na kuua karibu watu 10,000. Tayari India ilikuwa na satelaiti zake za hali ya hewa wakati huo. Kimbunga kilionekana kikija. Oktoba 2013 kimbunga kingine kikali sana, Phailin, kilipiga pwani ile ile, na waliokufa hawakufika mia. Katikati ya miaka hiyo utabiri uliboreshwa, ndiyo. Lakini pia zilijengwa nyumba imara za kukimbilia, kamati za vijiji zikafundishwa, njia za kupeleka onyo mpaka kwa mvuvi wa mwisho zikawekwa, na siku ilipofika karibu watu milioni moja walihamishwa kabla upepo haujafika. Anayetaka kusifu pesa za anga za India asifu na zile zilizojenga kuta.

Sisi je? Watu wengi hawajui kwamba nchi yetu iliingia mambo ya roketi mapema. Katika miaka ya 1970 Mobutu aliikodishia kampuni ya Kijerumani, OTRAG, eneo la karibu kilometa za mraba 100,000 huko Shaba, ili irushe roketi kutoka uwanda ulio juu ya mto Luvua. Ni nchi nzima, zaidi ya mara tatu ya Burundi. Roketi ya kwanza iliruka Mei 1977. Ile ya Juni 1978, Mobutu mwenyewe akitazama, ilishindwa na kuanguka. Mataifa jirani na Wasovieti walikuwa na wasiwasi juu ya kilichokuwa kinafanyika pale, na mwaka 1979 mambo yakafungwa, kampuni ikahamia Libya. Kisha mwaka 2012 serikali ilitia sahihi mkataba na Wachina kwa ajili ya satelaiti yetu ya mawasiliano, CongoSat-1. Ilisemwa kwa shangwe nyingi, na mpaka leo haijaonekana angani. Wakati huo huo koltani inaendelea kutoka katika mashimo yetu, na tantali iliyo ndani yake inatumiwa katika vifaa vya elektroniki, hata vile vya satelaiti. Madini yetu yamekwisha fika huko juu.

Siwacheki majirani waliojaribu. Kenya ilirusha Taifa-1 mwezi wa Aprili 2023, satelaiti ndogo ya kutazama mashamba na maji, kwa gharama ya shilingi milioni 50 hivi, pesa ambazo kwetu hazitoshi kujenga barabara ya kilometa moja ya lami. Umoja wa Afrika nao umefungua shirika lake la anga huko Misri mwezi wa Aprili 2025. Nchi yenye watu waliokwisha jifunza kusoma picha inaweza kufaidika kwa kuwa na jicho lake yenyewe. Lakini kwa Kongo ya leo, maoni yangu ni kwamba satelaiti ya kununua inaweza kungoja. Zile za wengine zinapita juu yetu kila siku na kutupa habari bure, na hatuna watu wa kutosha wa kuzipokea. Vijana wetu waliosomea jiolojia na hali ya hewa Bukavu, Goma, Lubumbashi na Kinshasa wapo. Wanaendesha pikipiki za kubeba watu, au wanauza inite.

Bado kuna hatari ambayo haitangoji tumalize mabishano. Tangu mwisho wa Januari 2025 Goma iko mikononi mwa AFC/M23, na mlima haukuuliza nani anatawala mji. Mji ule una desturi ya kuonyesha kiwango cha hatari ya volkano kwa rangi: kijani, njano, rangi ya machungwa, nyekundu. Mama anayeuza mboga barabarani hahitaji kuelewa rada wala sentimeta. Anatazama rangi. Ili rangi hiyo iwe ya kweli, lazima satelaiti ya mtu fulani ipite, mashine ya mlimani iwe na betri ambayo haijaibiwa, intaneti iwe imelipwa, mtafiti awe amepata mshahara wa mwezi, na pande zinazopigana zimwache apande mlima.

Tarehe 15 Septemba kila mwaka wabunge wetu wanafungua kikao cha bajeti huko Kinshasa. Kuna mstari wa METTELSAT, idara ya hali ya hewa ambayo satelaiti imo katika jina lake, na kuna mistari ya utafiti wa kisayansi. Wachungaji na viongozi wa vijana wanaojuana na wabunge wao, na ni wengi, wanaweza kuwauliza maswali mawili yasiyohitaji elimu ya roketi: mwaka uliopita mistari hiyo ilipigiwa kura ya franka ngapi, na ni ngapi zilizotoka kweli?